Maziwa ya Metimani

Titi la mama halina adabu. Unaliambia mtoto amekufa, amezikwa, padri ameshamwombea, nalo saa nane ya mchana ikifika linajaa na kumwaga kama jana, kanga inalowa, na wewe umekaa na mikono mitupu. Mwaka ule nilikuwa na hasira na vitu vingi, na titi langu lilikuwa la kwanza.

Jina langu ni Germana. Mwanangu aliitwa Tluway, maana yake mvua, kwa sababu siku aliyozaliwa barabara ya Ganako ilikuwa haipitiki kwa matope. Alikufa mwezi wa nne mwaka wa themanini na moja, akiwa na miezi mitano. Kifua kilimbana Jumatatu, Jumatano tukamzika. Sitasema zaidi ya hapo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na asiyeujua nisimchoshe.

Baada ya maziko nikaingia metimani. Kwa sisi Wairaqw wa wakati ule, mwanamke aliyefiwa na mtoto wa titi alitengwa. Hakuna aliyemshika mkono, hakuna aliyekunywa kwenye kikombe chake. Hakwenda bombani, hakwenda kanisani, alipita njia yake ya nyuma ya nyumba. Na kilichoogopwa kuliko vyote ni maziwa yake. Walisema kifo kimeshayaonja, na mtoto mwingine akiyagusa atafuata njia ileile. Kwa hiyo yakinijaa nilitakiwa kuyakamua kwenye shimo dogo uani na kuyafukia, nikikanyaga udongo mpaka ushikane. Ningekaa hivyo mpaka damu yangu ya mwezi irudi na wazee waseme inatosha. Wengine walikaa miezi sita, wengine mwaka. Serikali ilikuwa imekataza, padri naye alikataza, na watu waliwaitikia ndiyo wote wawili, kisha wakarudi nyumbani na kuniwekea mahindi yangu juu ya jiwe, mbali na mlango.

Mila hiyo ilitungwa na watu waliokaa mbalimbali. Zamani nyumba moja ilikuwa kilima hiki na nyingine kilima kile, ukitengwa unabaki na upepo tu. Lakini miaka michache nyuma operesheni ya vijiji ilikuwa imetupanga kwenye mstari, nyumba kwa nyumba, katikati ua wa minyaa. Nikatengwa katikati ya watu. Niliwasikia wakikwangua sufuria la ugali, niliwasikia wakikohoa, na nilimsikia Marsela akimbembeleza mwanawe.

Marsela alikuwa mke wa Josephati, mdogo wake mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi kule Soitsambu. Nyumba yake ilipakana na yangu. Wiki tatu baada ya sisi kumzika Tluway, Marsela alijifungua mtoto wa kiume akaitwa Thomasi. Mara ya kwanza Thomasi alipolia nilisimama na kuita jina la mwanangu. Maziwa yalishuka mpaka kwenye magoti. Nikatoka na kuyakamua shimoni, huku yule mtoto akiendelea kulia hatua ishirini kutoka nilipo.

Ungetegemea nizoee. Wanasema maziwa yasiponyonywa hukauka yenyewe. Yangu hayakukauka, kwa sababu kila Thomasi akilia yalikuja, na yakija niliyakamua, na nikiyakamua yalikuja tena kesho. Kibaya zaidi, siku nyingine yalikuja wakati kumenyamaza. Nilisimama kwenye minyaa nikauliza, "Marsela, analia?"

"Amelala, dada," alinijibu. Marsela alikuwa na moyo mzuri, alizungumza nami ingawa alikatazwa, ila alimgeuza mtoto uso ili nisimwone.

"Sikio langu linasikia."

"Amelala. Kapumzike."

Sasa aliyekuwa akilia ni nani? Sikumuuliza mtu. Nilirudi ndani nikaziba masikio kwa vidole, na kilio kikaendelea ndani ya vidole.

Mume wangu Sylvesta alikuwa na kazi iliyochekesha kijiji kizima. Nyani walishuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kumaliza mahindi yetu, na yeye alilipwa kuwahesabu. "Wezi wamepewa karani," watu walisema. Kulikuwa na mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akiwachunguza nyani pembezoni mwa msitu, naye Sylvesta alikaa huko kutwa na darubini na daftari, akiandika nani amekaa na nani, nani anamtoa nani chawa, nani amenyonyesha saa ngapi. Sheria ya kazi ilikuwa moja: usiingilie. Hata wakiuana, wewe andika.

Metimani ilimhusu yeye pia, ila kazi ya Mzungu haijui metimani. Mchana alikuwa mtu kamili, jioni alirudi kuwa mkiwa pamoja nami. Na kwa kuwa hatukuweza kuzungumza habari za Tluway, tulizungumza habari za nyani.

Kundini kulikuwa na jike mmoja mkubwa, mzee, aliyekaa anapotaka na kula anachotaka, Sylvesta akampa jina la Mwenyekiti. Na kulikuwa na jike mwingine mdogo, hana nguvu wala ndugu, amekatika kidole kwa mtego. Huyo alimwita Kidole. Mwezi wa saba Kidole alikuwa na mtoto mchanga, mweusi tii, masikio mekundu. Jioni moja Sylvesta aliniambia Mwenyekiti amemchukua yule mtoto.

"Amemchukuaje?"

"Amekuja, amemchukua, amemkumbatia. Kidole hawezi kumpokonya mkubwa. Anamfuata tu nyuma, anatoa sauti."

"Mwenyekiti ana maziwa?"

"Amezeeka yule. Titi limekauka kitambo."

Siku ya pili akasema bado anaye. Anampenda, akasema, anamchambua manyoya nywele kwa nywele, anamlaza kifuani, mtoto ananyonya titi lisilo na kitu. Kidole amekaa pembeni, maziwa yanamtoka. Siku ya tatu mtoto akafa mikononi mwa Mwenyekiti, naye akamwacha chini na kwenda kula. Ndipo Kidole alipomwokota. Alimbeba kwa mkono mmoja siku tisa, mpaka akakauka kama kipande cha ngozi. Nilimuuliza Sylvesta wenzake walimfanyaje siku zile, yule mwenye maiti.

"Walimfanyaje nini?"

"Walimkimbia?"

Alifikiri kwanza, kwa sababu ni mtu wa kusema alichokiona tu. "Hapana. Walikaa naye. Walimtoa chawa kama siku zote."

Niliondoka nikaenda kulia uani. Nilimwonea wivu nyani, nasema wazi, wala sioni aibu.

Mwezi wa nane Marsela akashikwa na homa. Siku ya tano walimpakia juu ya lori la vitunguu lililotoka Mang'ola, wampeleke hospitali, akakata roho kabla hawajafika. Nilimlilia nikiwa nyuma ya ua, peke yangu, kwa sababu msibani sikuruhusiwa. Na kabla udongo haujakauka maneno yalianza: metimani ya Germana imeruka ua. Josephati alikuja akamzika mkewe, kisha akarudi Soitsambu kusimamia mtihani wa darasa la saba. Alijua mtoto yuko mikononi mwa mama yake. Hakukosea, mikononi alikuwepo.

Mama mkwe wetu tulimwita Aayo, yaani mama kwa Kiiraqw. Nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyeniletea mahindi kila siku na kuyaweka juu ya jiwe, na Tluway alipokufa alimlilia mpaka sauti ikamkauka. Alihamia nyumba ya Marsela, akamfunga Thomasi mgongoni, akashika rozari. Maziwa ya kopo hayakuwepo dukani mwaka ule, hata sabuni na sukari tulizisikia kwa jina tu. Wanawake waliokuwa wakinyonyesha kijijini walikataa kumgusa mtoto, walisema titi lililomnyonyesha limekwenda kaburini, wasije wakaleta kifo kwa wanao. Basi Aayo alichemsha maziwa ya ng'ombe, akayachanganya na maji, akamlisha kwa kijiko. Siku ya pili mtoto akaanza kuhara.

Alilia siku nzima. Na mimi nilimwaga siku nzima. Shimo la uani lilijaa, nikachimba jingine.

Nilikwenda kwenye minyaa. "Aayo," nikasema, "nipe mtoto."

Alikuwa amekaa mlangoni, anampakata. Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonichoma.

"Unajua haiwezekani, binti yangu."

"Anakufa kwa njaa."

"Anaumwa tumbo. Litatulia."

"Ninayo maziwa, Aayo. Nayafukia ardhini na mtoto analia."

Akamweka mtoto vizuri mapajani. Kisha akanihadithia jambo ambalo hata Sylvesta hakuwahi kulisikia. Alisema yeye amekaa metimani mara mbili. Mara ya pili alikuwa msichana kama mimi, kule Endamarariek, na dada yake akafa kwa uzazi. Mtoto wa dada akaletwa nyumbani kwao, kibanda cha pili. Alilia siku nne.

"Nilikuwa na maziwa kama wewe," alisema. "Yalinitoka kama wewe. Nililalia mikono yangu ili isinyanyuke. Sikutoka."

"Na mtoto?"

"Alikufa. Lakini sikumuua mimi." Aliyasema hayo kwa fahari, kama mtu anayeonyesha cheti chake cha ubatizo. "Moyo wangu uko safi. Na wako utakuwa safi."

Nilimtazama alivyompapasa Thomasi kichwani, taratibu, unywele kwa unywele, na mwili wangu wote ukasisimka.

Kesho yake alipita mwanamke wa Kimaasai, amevaa shuka jekundu, na punda wawili. Anatoka juu Ngorongoro, akasema, anaitwa Nanyokie, anatafuta mahindi ya kununua, kwa kuwa kwao walikuwa wamekatazwa kulima. Alikuja kwa njia ya nyuma bila kujua ni njia ya nani. Kabla sijasema lolote alininyooshea mkono, akanisalimia. Miezi minne hakuna mtu aliyenishika mkono isipokuwa mume wangu. Niliushika, nikasahau kuuachia.

Alitazama kanga yangu. "Mama, uko na mtoto?"

"Sina. Alikufa."

"Pole sana." Akageuza sikio. "Na huyo anayelia?"

"Unamsikia?"

"Namsikia. Si huyo hapo?"

Nilishukuru Mungu kwamba kuna mtu mwingine anasikia. Nikamweleza yote: metimani, Marsela, Aayo, kijiko. Alisikiliza huku akimkung'uta punda mmoja nzi. Akasema yeye mama yake alikufa angali mdogo, akanyonya kwa wake wenza wawili na shangazi. "Ukiniuliza mama yangu ni nani, nakuuliza mama wa titi lipi," akasema, akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Mimi mila yenu sijui, siwezi kusema. Lakini huyo amebakiza sauti kidogo. Sisi kwa ndama tunajua hiyo sauti."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Mgeni huyu alichukua mahindi yake, akaondoka na punda wake, na kupona kukabaki kazi yangu.

Jioni hiyo nilimsubiri Sylvesta mlangoni. Alikuwa hajaweka hata begi chini.

"Yule Mwenyekiti wako," nilianza.

"Usiseme."

"Siku ile mtoto anakufa, ulikuwa umekaa umbali gani?"

"Hatua kumi na tano."

"Na mkononi ulikuwa na nini?"

Alitazama miguu yake. "Kalamu."

"Ungeweza kufanya kitu?"

"Ningerusha jiwe tu angemwachia. Nyani huyo ananiogopa." Alikaa chini. "Kila siku nalifikiria jiwe hilo, Germana. Lilikuwa karibu na mguu wangu. Nalijua mpaka rangi."

"Sasa je?"

Nje tulimsikia Aayo akisali rozari, na ndani ya sala mtoto akilia kwa vipande.

"Ni mama yangu," akasema.

"Najua ni mama yako."

"Na wewe ukimnyonyesha hutatoka metimani. Damu hairudi kwa mwanamke anayenyonyesha. Wazee watakuhesabia miaka."

Hilo nilikuwa nimeshalifikiria. Wazee walishaanza kusema kabla ya Krismasi nitakuwa huru, nitakwenda bombani, nitashikana mikono na watu. Nilitamani kushikana mikono na watu kuliko nilivyotamani kula. Nikimpa Thomasi titi nilikuwa najifungia mlango mwenyewe, na akifa mikononi mwangu hakuna ambaye angenifungulia tena. Nakiri, usiku huo nililalia mikono yangu kama Aayo alivyofanya.

Siku ya nne baada ya mtoto kuanza kuhara ilikuwa ya upepo, vumbi jekundu limejaa kila mahali. Nilikuwa naparaza mahindi ndani. Niliparaza muda mrefu, kazi inakwenda vizuri, mpaka nikaona ajabu jinsi inavyokwenda. Kivuli cha mlango kilionyesha saa nane imepita. Kanga yangu ilikuwa kavu.

Niligusa kifua. Kimejaa, kigumu kama jiwe, lakini hakuna kilichokuwa kinakiita. Hakuna kilio upande wa pili. Hata kile kingine, cha ndani ya masikio yangu, kilikuwa kimekoma.

Sikupita njia ya nyuma. Nilitoka mlango wa mbele, nikapita barabara ya kijiji mchana kweupe. Mwanamke aliyekuwa anatoka bombani aliweka ndoo chini na kukimbilia pembeni. Aayo alikuwa amekaa mlangoni kwa Marsela, juu ya ngozi ya ng'ombe, amempakata Thomasi. Anamwimbia. Mtoto macho yalikuwa wazi nusu, midomo imepasuka, utosi umezama. Alikuwa hai, lakini hakuwa na habari na mtu.

"Rudi," Aayo alisema.

"Nipe."

"Rudi, Germana. Niachie mjukuu wangu mmoja."

Alimkumbatia kwa mikono yote miwili. Nilijua nikimvuta tutamkata katikati. Kwa hiyo sikumvuta. Nilikaa chini juu ya ngozi ileile, nikamsogelea mpaka bega langu likagusa bega lake, mpaka paja langu likawa juu ya paja lake. Alishtuka kama mtu aliyeguswa na moto. Kwa mila, hapo na yeye alikuwa ameshaingia metimani. Hakuweza kukimbia bila kumwangusha mtoto. Nikafungua kanga, nikainama, nikamwekea Thomasi titi mdomoni akiwa bado amelala kwenye mapaja ya bibi yake.

Hakunyonya. Hakuwa na nguvu za kunyonya. Nikakamua tone, likaingia kwenye ulimi, likakaa pale. Nikakamua la pili. La tatu lilitoka pembeni ya mdomo. Nilisikia pumzi ya Aayo kwenye shavu langu, na sala yake, jina la Maria likirudiwarudiwa. Nikakamua tena. Ndipo koo la mtoto likapanda na kushuka.

"Umemuua," Aayo alisema taratibu, na mikono yake ikaachia.

Sylvesta alitukuta hivyo. Alikuwa amerudi mapema, hakunieleza kwa nini, na mimi sikuuliza. Mkono wake wa kulia ulikuwa na jiwe. Sijui alitoka na jiwe lile msituni au aliliokota njiani, na sijui alifikiri atamrushia nani. Alilitazama kama limemshangaza yeye mwenyewe, akaliweka chini. Kwa mazoea mkono ulikwenda kwenye mfuko wa daftari. Ukaishia hapohapo. Akaja akakaa mbele yetu, mgongo kwetu, uso kwa watu waliokuwa wanakusanyika barabarani, na hakuna aliyempita.

Nilimchukua Thomasi nyumbani kwangu. Asubuhi ya kwanza, Aayo alikuja kwenye minyaa.

"Amekufa?" aliuliza.

"Bado, Aayo."

Asubuhi ya pili akauliza hivyohivyo. Hakuuliza kwa chuki. Aliuliza kama mtu anayesubiri gari ambalo ni lazima lifike. Wiki nzima aliuliza. Watu nao walikuwa wanasubiri, na hakuna aliyetukaribia, hata mahindi ya kwenye jiwe yalikoma, Sylvesta akawa anabeba chakula kutoka Karatu mjini. Wiki ya pili Thomasi alianza kunyonya mwenyewe, kwa pupa, akinishika kidole. Wiki ya tatu Aayo hakuuliza tena, ila alisimama kwenye ua kusikiliza.

Mimi kilio changu kilikoma. Sikusikia tena mtoto asiyekuwepo. Saa nane ilikuwa saa nane tu.

Mvua za vuli zilipoanza, Aayo aliingia kwangu kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekonda. Thomasi alikuwa ameketi kwenye blanketi, mashavu mawili kama maandazi, akamwona bibi yake akacheka. Aayo alimtazama muda mrefu.

"Ananyonya hilohilo?" aliuliza. "La Tluway?"

"Hilohilo."

"Hukumpa kingine? Dawa? Maji ya baraka?"

"Maziwa tu, Aayo."

Nilikuwa na kiburi wakati ule, nasema kweli. Nilikuwa nimeshinda, na nilitaka aone. Ni baadaye tu nilipofahamu nilichokuwa namwonyesha. Aliketi taratibu kwenye kigoda, akaweka viganja viwili kifuani, juu ya titi lililokauka miaka mingi, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Siku nne," alisema. "Nilikuwa nayo."

Kuanzia hapo hakuwa mzima. Hakuumwa ugonjwa wowote wa kutajwa. Alilima, alisali, na wazee walipomtoa metimani alikwenda kanisani. Lakini saa nane ya mchana alisimama popote alipo na kugeuza kichwa kuelekea Endamarariek. "Hamumsikii?" alituuliza. Nami nilimjibu kama Marsela alivyokuwa akinijibu: amelala, kapumzike. Nilijua kwamba hilo si jibu. Niliwahi kukaa pale alipokaa, ila mimi nilipata mtoto wa kumpa. Yeye wa kumpa hakuwepo, amezikwa kabla mume wangu hajazaliwa.

Mimi nilikaa metimani miaka miwili na nusu, maana Thomasi hakuwa na haraka ya kuacha. Siku nilipotoka, wa kwanza kunishika mkono alikuwa Aayo, mbele ya kanisa, na hakuuachia mpaka misa ikaisha.

Alifariki mwaka wa themanini na sita. Siku za mwisho hakula, alituomba tu kwa upole mmoja wetu aende akamnyamazishe yule mtoto. Sylvesta alitoka nje kila mara aliposema hivyo. Mchana mmoja nikashindwa kuvumilia. Nikamwita Thomasi kutoka uani, ana miaka mitano, magoti yamejaa udongo mwekundu, mdomoni anatafuna muwa. Nikamkalisha kitandani, nikauchukua mkono wa Aayo na kuuweka juu ya tumbo lake.

"Ni huyu, Aayo," nikamwambia. "Tazama. Halii. Amenyamaza zamani."

Aliupitisha mkono juu ya tumbo lile, akamtambua, akatabasamu. Kisha uso ukarudi kwenye kusikiliza.

"Huyu ameshiba," alisema. "Mimi nasema yule mwingine."